Vitambulisho Kwenye Misumari ya Getini

Vijana wangu, mmeniomba niandike kuhusu kazi yenu ya kutembeza familia, tena mmenitumia maswali kumi na mawili yaliyochapwa vizuri. La kwanza linauliza ni sifa gani inayomfanya mtu awe mwongozaji bora wa familia. Jibu ni woga. Mengine kumi na moja nitayajibu nikiyakumbuka.

Msicheke. Mimi niliongoza familia kando ya mto Nyabarongo, na kila wiki nilianza kuhangaika Ijumaa kwa ajili ya matembezi ya Jumapili. Mvua ikinyesha usiku wa Jumamosi, mimi nilikuwa macho nikiwaza tope. Isiponyesha, niliwaza siafu. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kila mara pale nyumbani kwetu Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini, "Zena, kazi gani hii ya kupeleka watoto wa watu porini na kurudi nao? Kama ni kurudi nao, si wangebaki tu kwao?" Watu wa Gitega, mtaa wa jirani, nao walicheka sana waliposikia kuna mahali mtu analipa ili atembee asiende popote.

Mahali penyewe palikuwa chini ya Kicukiro, pale mlima unaposhuka hadi kwenye mafunjo ya mto. Mzungu mmoja mtaalamu wa misitu alikuwa amekodi kipande cha ardhi, akapanda mikaratusi, akachonga njia ya kilomita sita hivi inayozunguka na kurudi getini, akaweka mabenchi matatu na choo kimoja, akapaita bustani ya familia. Walikuja walimu, makarani wa wizara, wafanyabiashara wenye gari. Walikuja baada ya misa ya kwanza, akina mama na vyungu vyao vya isombe, yaani kisamvu, watoto na viatu vyao vya kanisani.

Hivyo viatu, jamani. Mtoto akija na viatu vya misa, mvue mwanzoni kabisa, mbele ya mama yake, atembee pekupeku. Ukimwacha navyo, katika kilomita ya pili utambeba yeye pamoja na viatu. Na usimwulize mtoto kama amechoka. Atasema hapana mpaka aanguke. Msikilize tu: mtoto aliyekuwa anapiga kelele akanyamaza ghafla, huyo miguu imemwisha. Mdogo kuliko wote atembee mbele, nyuma yako wewe, na mwendo uwe wake. Baba mwenye haraka zake avumilie. Penye mafunjo, wewe ndiye utembee upande wa maji. Mtoto akae upande wa mlima, hata kama maua yote mazuri yako kwenye maji, na huwa yako huko.

Mkikuta majani yamelazwa chini kwa upana wa mkeka na mavi yametawanywa mpaka kwenye vichaka, kiboko amepita na labda bado yupo. Usitaje jina lake. Ukilitaja, nusu ya akina baba watakimbia na nusu watataka kwenda kumwona, na hao wa pili ndio hatari. Mimi nilikuwa nasema, "Jamani, kule juu kuna ndege mzuri tumemruka," halafu nawageuza wote. Kuna mama mmoja aliniambia baada ya mwaka mzima kwamba hajawahi kumwona huyo ndege. Nikamwambia ni mwenye haya.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Gaspard, aliyekuwa mlinzi wa geti. Ujana wake wote aliutumia kwenye vitalu vya miti, na njia ile aliichonga yeye zaidi ya mzungu. Tulikuwa watu wa ajabu kuonekana pamoja: mimi Mwislamu wa Biryogo na kanga yangu kichwani, yeye Mkatoliki asiyeachia rozari hata akifungua kufuli. Nikianza kuhangaika alikuwa ananiambia, "Buhoro buhoro ni rwo rugendo, Zena." Polepole ndiyo safari yenyewe. Mimi nilimjibu kwamba polepole yake itatukuta tumeshaliwa na mamba.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la kuhesabu. Nilishuka na watoto kumi na tisa nikapanda na kumi na tisa. Nimehesabu mara tatu, nimeridhika, nasema alhamdulillah. Pale getini mama mmoja akashika mkono wa binti akautazama, akapiga ukelele, "Huyu si wangu!" Kweli hakuwa wake. Alikuwa binti wa kijiji cha chini, ameona msururu wa watoto wanaimba akajiunga, nani asingejiunga? Wa kwetu tulimkuta kwa bibi ya yule binti, amekaa kwenye kigoda anakula viazi vitamu vya kuchoma, hana habari. Mimi nililia kuliko mama yake. Usiku ule sikulala. Tangu hapo nikajua kuhesabu vichwa hakutoshi, lazima uzijue sura.

Mzee Gaspard ndiye aliyeleta dawa. Alipigilia misumari kwenye ubao pale getini. Kila mtu mzima akifika anaacha kitambulisho chake, na kila familia ina msumari wake. Wakati wa kuondoka, kabla ya kumrudishia mtu karatasi yake, tunamwuliza, "Watoto wako wote unao?" Anageuka, anawatazama mmoja mmoja, anawagusa. Ndipo anapewa. Mtu anaweza kusahau mtoto, lakini hakuna aliyesahau kitambulisho. Na kama jioni msumari bado umebeba kitu, tunajua kuna watu wako chini, tunashuka na taa.

Hakuna mteja aliyeshuka mtoni na kitambulisho mfukoni. Hiyo ilikuwa sheria, na tuliipenda sheria yetu. Ilinipa usingizi wa Jumapili, na usingizi kwangu ulikuwa kitu adimu.

Halafu Oktoba ya mwaka wa tisini vita vikaanza kule kaskazini. Hapa kuna jambo nyinyi wa leo mnalijua kwa kusoma tu: kitambulisho cha wakati ule kilikuwa na mstari wa ubwoko, yaani kabila. Mhutu, Mtutsi, Mtwa, na yasiyokuhusu yamekatwa kwa kalamu. Miaka yote karatasi zile zikining'inia mbele yangu sikuwahi kuusoma mstari ule. Naapa. Lakini vita vilipoanza, vizuizi vikajaa barabarani, na mtu aliyekutwa bila kitambulisho aliweza kuitwa inyenzi, yaani mpenyezi wa adui, akachukuliwa. Na mtu mwenye kitambulisho kilichoandikwa Mtutsi aliweza kuitwa msaidizi wao, akachukuliwa vilevile. Nikaona vidole vya watu vinaanza kusita pale kwenye ubao. Nikaona, na sheria sikuibadilisha. Niliogopa kupoteza mtoto kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote, na nilifikiri woga wangu unatosha kwa mambo yote.

Mwalimu Viateur alisita. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, mpole, mwenye miwani, anakuja na mkewe na binti yao Solange wa miaka sita. Jumapili moja ya masika, katika mwaka wa pili wa vita, alikishika kitambulisho chake pale getini muda mrefu, anakigeuzageuza. Nikamtania, "Mwalimu, unadhani nitakwenda nacho sokoni?" Akacheka, akaniachia. Mimi mwenyewe nilikitundika.

Tulikuwa familia tano siku hiyo, watu wazima tisa. Solange alikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo alikuwa nyuma yangu. Tulipita mabenchi yote, tukapita mafunjo, tukafika kwenye daraja la magogo ambapo njia yetu inakutana na barabara ya kwenye matanuri ya matofali. Hapo kulikuwa na gogo limelazwa katikati na askari watatu. Jumapili iliyotangulia hapakuwa na kitu. Mkubwa wao, koplo, aliitazama kanga yangu akaanza kunisemesha Kiswahili.

"Mama wa Biryogo, hawa iko watu wa wapi?"

"Ni familia, shefu. Sisi iko natembea tu na watoto."

"Natembea, naenda wapi?"

"Hakuna mahali. Tunazunguka, tunarudi."

Aliwatazama wenzake. "Mtu iko nazunguka porini, haendi mahali. Haya. Indangamuntu? Vitambulisho iko wapi?"

"Ziko getini, shefu. Zote. Ni sheria yetu."

Nilivyolisema lile neno, sheria, nilisikia ujinga wake wote mdomoni mwangu. Koplo hakukasirika. Nadhani alikuwa amechoka kama mtu yeyote anayeshinda juani. Alisema, "Kimbia, lete zote. Hawa wanakaa hapa. Gari ya lutena inapita saa sita. Ikifika kabla yako, mimi sina neno tena."

Ilikuwa saa tano na dakika chache. Kurudi tulikotoka hadi getini ni kilomita tatu, na kilomita tatu nyingine kurudi darajani. Nilivua viatu nikakimbia. Nilifika getini kifua kinawaka, na Mzee Gaspard hakuniuliza maswali. Alianza kuzitoa karatasi kwenye misumari kabla sijamaliza kueleza. Alizifunga kwenye leso yake, halafu akaifungua tena, akatoa moja akanigeuzia.

"Hii ni ya mwalimu. Iangalie, ujue unachobeba."

Nikasoma. Mara ya kwanza katika kazi yangu nikausoma mstari ule. Neno lililobaki bila kukatwa lilikuwa Mtutsi.

"Nifanye nini, Mzee?"

"Peleka vilevile. Asiye na karatasi wamekwisha mhukumu. Mwenye hii, labda watamwuliza kwanza."

Alianza rozari yake, nami nikakimbia. Nilipita benchi la kwanza nikikimbia. Kwenye benchi la pili nikasimama.

Nataka mnielewe vizuri. Sikuishiwa pumzi. Nilisimama kwa sababu niliogopa, na safari hii sikumwogopea mtoto wa mtu. Nilijiogopea mimi. Nilifikiri: wataniuliza kwa nini mwanamke wa Biryogo anaficha karatasi za watu kama hawa. Nilifikiri juu ya binti yangu Mwajuma aliyekuwa nyumbani na bibi yake. Nilifikiri nikitoe kile cha mwalimu nikitupe kwenye majani, nikaona nitakuwa nimemmaliza. Halafu nikaitazama ile njia ya kushoto inayopanda hadi barabara kuu. Kwa njia ile ningekuwa Kicukiro baada ya nusu saa. Sikukaa kwenye benchi, nilisimama tu pembeni yake na ile leso mkononi. Nilipofika pale miguu yangu ilikuwa kwenye kivuli cha mkaratusi. Nilipoondoka ilikuwa juani.

Nilipofika darajani, vumbi la gari lilikuwa bado halijatua.

Mama Solange alikuwa amekaa chini na binti yake mapajani, wote wawili wanatazama barabara. Baba mmoja, karani wa forodha mwenye sauti kubwa ambaye kila Jumapili alilalamikia choo chetu, ndiye aliyenieleza, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo. Lutena alifika akauliza nani atamweleza kwa nini hawana vitambulisho. Viateur, kwa kuwa ni mwalimu na mwalimu hawezi kuona swali limekaa bila jibu, akasimama akaanza kueleza ubao wa misumari, jinsi unavyosaidia kuhesabu watoto. Lutena alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Wewe unayejua kusema, panda."

Nilimpa koplo ile leso. Akaifungua. Akazihesabu kwa kidole gumba, moja mpaka tisa, bila kufungua hata moja, bila kusoma neno, akanirudishia zote.

"Tisa. Iko sawa. Piteni."

"Ya mume wangu imo humo!" Mama Solange alisema. "Shefu, imo humo!"

"Naona. Imechelewa."

Hakuisoma. Vijana, eleweni jambo hilo. Kile nilichokiogopa pale kwenye benchi, yule mtu hakukitazama hata kidogo. Ningefika kabla ya gari, angehesabu tisa na watu tisa, nasi sote tungepita tukaenda kula isombe.

Kutoka pale hadi getini Solange alitembea nyuma yangu, na mwendo ulikuwa wake. Hakulia. Alinyamaza, na nimeshawaambia maana ya mtoto kunyamaza, kwa hiyo nilimbeba mgongoni. Alikuwa mzito kwa umri wake. Alinishika shingo, akaniuliza sikioni kama baba yake atarudi kwa miguu au kwa gari.

Alirudi kwa miguu. Siku tisa baadaye nilimwona akishuka taratibu kwenye geti, mguu mmoja unaburuta, miwani hana, na mkononi amebeba kibuyu cha maziwa. Alikokuwa hakusema, nami sikuuliza. Alikuja kuchukua kitambulisho chake. Mzee Gaspard alikuwa amekifungia kwenye kisanduku chake cha chakula, akaingia ndani kukitafuta, tukabaki wawili.

"Mke wangu ameniambia ulikimbia mpaka miguu ikatoka damu," alisema. "Nimekuja kukushukuru, Mama Mwajuma."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Geti lilikuwa kimya, hapakuwa na mteja, na mtu mwenyewe alikuwa mbele yangu, tena mpole. Nikafungua mdomo.

"Nilikimbia, mwalimu," nikasema.

Akanipa maziwa kwa mikono miwili. Nikayapokea kwa mikono miwili. Kwetu mtu aliyekuletea maziwa amekuweka mahali pa heshima, na unakunywa akikutazama. Nilikunywa.

Baada ya hapo tuliung'oa ule ubao. Nilimwambia mzungu kwamba kila mtu atashuka na kitambulisho chake kwenye mfuko wa shati, na atakayeniletea nikitunze nitamfukuza. Badala yake tulikata vipande vya matete tukavipaka rangi, kila familia rangi yake, kipande kimoja kwa kila mtoto, shingoni kwa kamba ya katani. Ilifanya kazi vizuri kuliko misumari. Ingefanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza, kama tungefikiri. Nyinyi leo mna sheria zenu nzuri, nimeziona kwenye karatasi mliyonitumia, kurasa nne. Kila mwaka zisomeni upya na kuuliza kila moja bado inamlinda nani. Mkiona mteja anasita, msimtanie. Mwulizeni kwa nini.

Familia ziliendelea kuja kwa muda, tatu, mbili, kisha hakuna. Mwaka wa tisini na nne sitauandika hapa. Mzee Gaspard hayupo. Mwalimu Viateur hayupo, wala Mama Solange. Njia ile sikushuka tena, na mto wenyewe nilikaa miaka mingi siwezi kuutazama, hata nikiwa ndani ya basi juu ya daraja nilikuwa nageuza uso.

Solange alibaki. Alilelewa na shangazi yake kule mtaa wa Remera, akasoma, akawa mwalimu kama baba yake. Alinitafuta yeye mwenyewe, akanikuta Biryogo nikiuza maandazi. Alipoolewa aliniweka kwenye viti vya mbele, upande wa wazazi, na katikati ya sherehe akachukua kipaza sauti akaniomba nisimame. Akawaambia watu wote wale, "Huyu alimkimbilia baba yangu." Wakapiga makofi. Akina mama wakaja kunikumbatia mmoja mmoja. Nilisimama pale na gauni lililoshonwa kwa pesa yake, nikawaachia wanikumbatie, na nilipofika nyumbani niliumwa siku tatu.

Ana watoto wawili sasa. Nao wameambiwa ile habari. Mdogo akiniona huniuliza nilikuwa nakimbia kwa kasi gani.

Solange mwanangu, najua vijana hawa watakusomea karatasi hii, kwa sababu wewe ndiye uliyewatuma kwangu. Baba yako alinishukuru na sikumwambia, na sasa hayupo wa kuambiwa, kwa hiyo nakuambia wewe. Kwenye benchi la pili nilisimama. Nilisimama muda wa kutosha gari kufika. Ukitaka kuja kuniuliza lolote, nipo nyumbani kila siku baada ya adhuhuri, na usipokuja nitaelewa.